Kusali Chini ya Mvinje

Ndugu msomaji, mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina miaka 36. Nilisoma skuli mpaka kidato cha nne, kisha nikapata cheti cha kufundisha watu wazima. Nakaa Bububu, kiasi cha kilomita 10 kaskazini ya mji wa Zanzibar. Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya kisomo. Napeleka vitabu na chaki, nawatazama walimu wakifundisha, na mwalimu akiumwa nashika darasa mwenyewe.

Mimi ni Mkristo. Hapa Unguja Wakristo ni wachache. Babu yangu alitoka Masasi kuja kuchuma karafuu, akaoa, akabaki. Wanakisomo wangu karibu wote ni Waislamu, na majirani zangu vivyo hivyo. Tunaamkiana, tunazikana, tunaazimana chumvi na pampu ya baiskeli. Habari hii ni ya sala ya Kikristo, lakini walioniomba niiandike ni wanakisomo hao. Walitaka kujua nafanya nini pwani kila alfajiri.

Aliyeanza kuniuliza alikuwa sheha. Alinikuta barazani jioni moja. Akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, watu wanasema. Wanasema wanamwona mtu kakaa chini ya mvinje, kiza hakijesha bado, kimya, kafumba macho. Hana wavu wala mshipi. Sasa watu wanauliza, huyu anaita nini?"

Nilifahamu maana yake. Mtu akikaa peke yake chini ya mti usiku usiku, watu hawafikirii sala. Wanafikiria uganga, au jambo baya zaidi. Na mimi ni mtu ninayeingia katika madarasa ya watu, nakaa na wake zao na mama zao. Uvumi wa namna hiyo ungeweza kulifunga darasa kwa wiki moja.

"Nasali, sheha," nikamwambia.

"Kwani kanisa lenu limefungwa?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini alipokwisha kuondoka nikaona kwamba sikumjibu. Na jibu lenyewe ni refu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa mwanamke. Aliishi siku tatu. Padre alikuja kumbatiza hospitalini, tukampa jina, na siku ya nne tukamzika. Wanawake wa mtaani walikuja wakatandika mikeka, wakakaa na mke wangu. Walitupikia siku zote za matanga, wala hapana aliyeuliza hawa dini gani. Nayasema haya ili yaandikwe mahali.

Baada ya hapo sikuweza kusali. Kanisani nilikwenda. Nilisimama wenzangu waliposimama, nikapiga magoti walipopiga magoti. Maneno nilikuwa nayajua yote, na hapo ndipo penye shida. Yalitoka mdomoni yenyewe, na mimi sikuwemo.

Sisi tunaofundisha kisomo tunaijua hali hiyo. Yuko mwanakisomo anayeshika kitabu akasoma ukurasa mzima bila ya kukosea. Mwalimu anafurahi. Kisha mwalimu anaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, anamwuliza, "Hili neno gani?" Mwanakisomo ananyamaza. Kumbe ameushika ukurasa kwa sikio, na herufi hazijui. Basi mimi nilikuwa hivyo mbele ya Mungu. Nilikariri ukurasa. Angeniwekea kidole kwenye neno moja, neno "Baba" kwa mfano, ningenyamaza.

Usiku mmoja sikupata usingizi. Nikasikia adhana ya alfajiri. Mke wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikatoka nje pole pole, nikafuata njia ya pwani. Pwani yetu inatazama magharibi. Jua huchomoza nyuma yako, juu ya minazi, na mwangaza hufika mbali baharini kabla haujakufikia wewe. Nilikaa chini ya mvinje. Maji yalikuwa yanatoka. Ngalawa moja ilikuwa ikirudi, tanga limeshushwa, mtu anapiga kafi. Upepo ukipita katika mvinje hutoa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Sikusema sala yoyote. Nililia. Jua lilipofika kwenye visiwa vya Chapwani na Changuu nikainuka, nikaenda kazini.

Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Baada ya wiki moja nilichukua Injili ndogo mfukoni.

Sasa nieleze jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tangu utotoni bila ya kulitia maanani. Katika Injili ya Marko, sura ya kwanza kabisa, imeandikwa kwamba Yesu aliamka mapema, bado kiza, akaenda mahali pasipo watu akasali. Wanafunzi wake walimtafuta, na walipompata walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Luka naye, katika sura ya tano, anasema kuwa ilikuwa desturi yake kujitenga na kwenda nyikani kusali. Kabla ya kuchagua mitume 12 alikesha mlimani usiku kucha. Usiku wa kukamatwa kwake alikuwa katika bustani ya mizeituni, na sala yake pale haikuwa ya mtu aliyetulia. Aliomba kwamba kile kikombe kimwondokee. Niliposoma habari hiyo pale pwani, nikaona kwamba hata kuomba na kutopewa ni sala.

Pia aliwafundisha watu kwa vitu walivyoviona. Mbegu, kondoo, nyavu, mtini, maua ya kondeni. Wakati mmoja aliwaambia wawatazame ndege wa angani. Mathayo ameandika ndege tu, lakini Luka, sura ya 12, ametaja kunguru. Nilipowaeleza wanakisomo jambo hili darasa zima lilicheka. Unguja hapana asiyemjua kunguru. Waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mjini, na tangu hapo wanakula vifaranga, mayai, na hata sabuni ya mtu anayefua. Zimewahi kufanywa kampeni za kuwapunguza. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, huyo Mungu wenu anamlisha kunguru kwa vifaranga vyangu!" Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilifikiri baadaye kwamba Yesu angeweza kumtaja njiwa, ndege anayependwa. Akamtaja kunguru, ambaye hapana mtu anayemtakia mema. Asubuhi nyingine wanakuja pale mvinjeni wawili watatu, wanapekua mwani uliotupwa na maji. Siwapendi. Lakini nawatazama.

Nilipoanza kusoma habari za Wakristo wa zamani, niligundua kwamba jambo hili sikulianza mimi. Misri alikuwako mtu mmoja, Antoni, aliyezaliwa karibu mwaka 251. Wazee wake walikuwa na mashamba. Alisikia Injili ikisomwa kanisani, akauza mali yake, akaenda kuishi jangwani kwa sala na kazi za mikono. Alikufa mwaka 356, mzee sana. Askofu Athanasio, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba Antoni hakujifunza kusoma alipokuwa mtoto. Maandiko aliyashika kwa kuyasikiliza, akayatafakari miaka mingi mpaka wasomi wakawa wanamwendea. Huyu simtaji ili watu waache kisomo, ofisini wangeninyang'anya baiskeli. Namtaja kwa sababu wako wanakisomo wanaoona haya mbele ya Mungu kwa kuwa hawajui kusoma. Mbele ya mwalimu pengine. Mbele ya Mungu, sioni kwa nini.

Italia alikuwako Fransisko wa Asizi, aliyekufa mwaka 1226. Alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, upepo, maji na moto, akiviita ndugu na dada, na aliutunga kwa lugha ya watu wa kwao, si kwa Kilatini. Marehemu Papa Fransisko alichukua maneno ya wimbo huo kuwa jina la barua yake ya mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia.

Na hapa kwetu je? Mama yangu alikuwa akinipeleka kusali Mbweni, kusini ya mji. Ardhi ya Mbweni ilinunuliwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1871, nao wakawaweka hapo watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watu hao walipewa viwanja, wakalima, na kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa mwaka 1882. Nilipokuwa mtoto, mimi na wenzangu tulikaa chini ya miti nje ya kanisa kungojea ibada imalizike, na mama alitukaripia. Siku hizi nafikiri juu ya wale watu wa mwanzo. Walitolewa makwao kwa minyororo, wakavuka bahari ile ile ninayoitazama, wengine wamepoteza watoto njiani. Kisha wakapewa jembe na kiwanja, wakaambiwa huyu Mungu ni Baba yenu. Maneno ya padre peke yake hayakutosha, nadhani. Naona muhogo ulioota, na mtoto aliyezaliwa huru, pia vilisema nao.

Na mjini, katika kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, umo msalaba wa mti. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Mti wa msalaba ule ulitoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chini ya mti huo ndipo ulipozikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873. Wenzake Waafrika, Susi na Chuma na wengineo, waliuzika moyo pale na kuuchukua mwili wake mpaka pwani kwa miguu. Nimeupita msalaba ule mara nyingi. Miaka yote niliuona kama msalaba. Sasa nauona pia kama mti.

Nirudi Bububu. Wako wanaosema jina hili lilitokana na mlio wa gari moshi, maana iliwahi kuwapo reli ya kutoka mjini mpaka hapa, iliyoanza mwaka 1905 na kufa miaka ya 1920. Hilo haliwezi kuwa kweli. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, na gari moshi bado. Wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi yanavyobubujika, na mimi nafuata hao. Maji ya chemchemi za hapa ndiyo Seyyid Barghash aliyoyavuta mpaka mjini kwa mfereji. Bibi Salme mwenyewe aliishi Bububu kwa muda, katika nyumba ya karibu na bahari, akaipenda. Wanakisomo wanawake humpenda kwa sababu nyingine. Wakati wake wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1867 alibatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani, na sehemu kubwa ya maisha yake ikapita katika nchi ya baridi, mbali na minazi hii.

Wanakisomo walitaka kujua pia jinsi ninavyofanya. Nafanya hivi. Nafika kabla jua halijatoka. Nachagua mahali pasipozuia njia ya wavuvi, na mbali na wanapooga watu. Sikai chini ya mnazi. Nazi haijali kama mtu anasali. Mwanzoni natazama tu, mpaka nimeona kitu kimoja vizuri. Kaa anayetoa mchanga shimoni. Kamba ya ngalawa. Mizizi ya mvinje iliyoachwa wazi na mawimbi. Kisha nasoma sehemu fupi ya Injili, mistari mitano au sita, naisoma mara mbili, nakifunga kitabu. Siku majahazi yanapopita nasoma Zaburi ya 104, maana nayo inataja bahari, vyombo vinavyopita juu yake na viumbe vilivyomo ndani yake. Halafu natafakari.

Kutafakari si kulala huku umekaa, wala si kuacha kufikiri. Ni kazi, kama ya mama anayechagua mchele katika ungo, punje kwa punje. Nachukua neno moja katika yale niliyosoma, naliuliza, wewe wanihusu nini leo? Akili inakimbia. Inakwenda kwenye mshahara, kwenye ripoti ya robo mwaka, kwenye mwalimu aliyekosa kuja darasani. Zamani nilikasirika. Sasa nairudisha tu, kama mtu anavyomrudisha mbuzi wake aliyeingia shamba la jirani. Bila ya fimbo. Mwisho naongea na Mungu kwa maneno yangu, machache, na siku nyingine hapana maneno. Namalizia kwa Baba Yetu. Yote haya hayafiki nusu saa.

Mti siusujudii, na bahari siiombi kitu. Mvinje umeumbwa kama nilivyoumbwa mimi. Tunakaa pamoja mbele ya aliyetuumba, basi. Wala sikubaliani na Wakristo wanaosema kwamba aliyezoea kusali nje hana haja ya kanisa. Mimi kanisani nakwenda. Kule pwani hapana wa kunipa mkono wa amani, wala wa kuniambia kwamba nimekosea.

Na kweli nilikuwa nimekosea.

Siku ile sheha alipokuja, mke wangu alikuwa ndani, anasikia. Yeye ni Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno machache. Usiku, taa imezimwa, akaniambia:

"Kabla sheha hajakufikia wewe, wanawake walinifikia mimi. Waliniuliza kisimani, mumeo anafanya nini pwani? Nikawajibu, anasali. Lakini nilijibu tu. Mimi sijui."

Nikamwambia, "Nawaombea wewe na mtoto."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Unatoka mimi niko macho. Unarudi umetulia, unakunywa chai, unakwenda zako kazini. Utulivu wenyewe sijauona ukiuingiza humu ndani. Kwani mtoto alikuwa wako peke yako?"

Ndugu msomaji, nimepata mitihani mingi. Huo sikuupasi. Miezi yote ile nilidhani nalala na mtu aliyelala. Nilikuwa namwona kaa akitoa mchanga shimoni, na aliyeelekea ukutani chumbani mwangu sikumwona. Nilikuwa nimesoma kwamba Yesu alikwenda mahali pasipo watu. Nikasahau kusoma mstari unaofuata, kwamba walipomjia hakuwaambia waondoke. Aliinuka akaenda nao.

Asubuhi ya pili sikwenda pwani. Nilichota maji, nikawasha moto, nikapika chai. Yeye akainywa. Hatukuzungumza lolote kubwa. Siku zikapita hivyo, kumi au zaidi, na mvinjeni sikukanyaga.

Ikaja Jumamosi ya bamvua. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake huingia pwani kuokota kombe. Bibi mmoja jirani, yule aliyekaa na mke wangu siku zote za matanga, alipiga hodi. Kikapu mkononi, kanga kaifunga kiunoni.

"Mwanangu, leo maji yamekwenda mbali. Twende."

Mke wangu hakuwa ameingia pwani tangu mazishi. Nilitazamia akatae. Akachukua kikapu. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia, "Na wewe njoo. Lakini leo usifumbe macho. Utanishikia kikapu."

Tukatembea juu ya mchanga ulioachwa na maji, mbali mpaka nyumba zikawa ndogo. Jua lilikuwa kali. Wale wawili waliinama, wanachokoa mchanga kwa kijiti, wanaokota, wanatia kikapuni. Mimi nilisimama na kikapu kama mtoto. Kazi hiyo ina mwendo wake. Unatafuta tundu, unachokoa, unatia mkono, unatoa au hutoi, unasogea. Mke wangu alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani kwao Muheza. Sikumsikia akiimba tangu hospitali. Nikafahamu kwamba mambo yote niliyokuwa nafanya chini ya mvinje kwa kitabu na kwa saa, yeye alikuwa anayafanya hapa kwa mikono, na hapana mtu aliyemfundisha.

Tulipofika ukingo wa maji, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, akasimama wima akashika kiuno. Alitazama baharini. Akalitaja jina la mtoto. Mara moja tu, si kwa kelele, kama mtu anayemwita mwenziwe aliye chumba cha pili. Tangu siku ya mazishi hapana kati yetu aliyekuwa amelitaja. Nikaweka kikapu chini, nikasahau kwamba ni majini, na kombe mbili tatu zikaelea zikazama. Nikamshika mkono. Tukasali Baba Yetu. Nilipofika kwenye lile neno la kwanza, sikulikariri. Nililisoma.

Sikupata jibu kwa nini mtoto wetu alikufa. Nimekwenda mvinjeni mara nyingi tangu siku hiyo, na jibu hilo sijalipata, wala bahari hailijui.

Yule bibi alikuwa amesimama kando, hatua kumi hivi, ametupa mgongo ili asituone haya. Tulipomaliza aligeuka, akapandisha mikono akasema, "Amin, Mwenyezi Mungu awape subira." Akainama akaziokota kombe zilizoanguka, akazirudisha kikapuni moja moja.

Sasa nakwenda pwani siku tatu kwa wiki, nyingine nabaki nyumbani, na siku za bamvua, nikiwa sina kazi, tunakwenda sote wawili na vikapu viwili. Mahali penyewe panabadilika. Kuta zimejengwa karibu na ufukwe, na njia niliyopita usiku ule wa kwanza imekuwa nyembamba kiasi ambacho mtu mwenye kikapu hupita upande. Mvinje bado upo, ingawa mawimbi ya kusi yamekula mchanga na mizizi iko wazi zaidi ya mwaka jana. Sheha hupita, hunipungia mkono, hanisemeshi mpaka nimalize. Nasikia yeye ndiye aliyewaambia watu, "Mwacheni mwalimu, anazungumza na Mola wake."

Siku ile bibi aliposema amin, tulitaka kukaa kidogo zaidi. Yeye alikuwa ametazama miguu yake. Maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi.

"Haya wanangu," akasema, "maji yanajaa. Twendeni, kombe hazipikwi huku."